Dawa ya Goti, Sukari ya Jioni

Mwaka 1942, katika mji wa Montpellier kusini mwa Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akipambana na homa ya matumbo. Vita vilikuwa vimepamba moto, chakula kilikuwa cha mgawo, na wagonjwa walifika hospitalini wakiwa wamekwisha konda. Janbon akawajaribishia dawa mpya ya jamii ya salfa, changa kiasi kwamba haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu: 2254 RP. Alichokusudia ni kuua vijidudu. Alichokiona ni wagonjwa wanaolowa jasho, wanaoongea maneno yasiyoeleweka, wanaoshikwa na degedege. Wengine walizimia wasiamke tena. Damu ilipochunguzwa, ikabainika kwamba sukari ilikuwa imeporomoka.

Mwenzake wa chuo kikuu cha mji huo huo, Auguste Loubatières, mtaalamu wa utendaji wa mwili, akaichukua dawa ile akawapa mbwa. Sukari ikashuka vilevile. Akawapa mbwa waliokwisha tolewa kongosho, na safari hii sukari haikutikisika. Jibu likawa wazi: dawa ya homa ya matumbo ilikuwa ikienda kuipiga kongosho kumbo ili imwage insulini. Kutokana na ugunduzi huo, katikati ya miaka ya 1950 vidonge vya kwanza vya jamii hiyo vya kutibu kisukari viliingia madukani, na glibenklamidi, ambayo leo bibi mmoja wa Tanga anaimeza kabla ya uji, ni mjukuu wa ile 2254 RP. Tiba ilizaliwa kwenye ajali.

Kisa hicho hakisimuliwi sana, na ni hasara, kwa sababu kinaeleza jambo linalowatatiza watu wengi kliniki: mtu anatibiwa goti, malaria au presha, na kinachovurugika ni sukari. Dawa ikishaingia kwenye damu haikai ilikotumwa. Inapita kila chumba cha nyumba, jikoni hadi uani, na njiani hukuta kongosho, ini na misuli.

Kuna hesabu moja inayoshangaza. Katika damu yote ya mtu mzima mwenye afya, lita tano hivi, sukari inayozunguka kabla hajala haizidi sana kijiko kimoja cha chai. Wapo wanaotia zaidi ya hiyo kwenye kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Kijiko hicho kimoja ndicho ubongo unachokitegemea saa zote, ndiyo maana mwili unakilinda usiku na mchana. Mtu akila, kongosho hutoa insulini, insulini hufungulia sukari milango ya misuli na kuliambia ini litulie. Akishinda na njaa, insulini hupungua na ini hufungua ghala lake. Kwa kipimo cha milimoli kwa lita, kinachosomwa kwenye mashine nyingi za Afrika Mashariki, asiye na kisukari huamka akiwa na 4 hadi 5.6 hivi. Akifika 7 kabla ya kula, na kipimo kikarudiwa kikasema vilevile, hicho ni kisukari. Kwa anayetumia dawa za kushusha, chini ya 4 ni dharura ndogo inayoweza kuwa kubwa.

Wapandishaji wakubwa wa sukari ni steroidi: prednisoloni, deksamethasoni, haidrokotisoni na ndugu zao. Ni dawa za maana. Huokoa mwenye pumu aliyebanwa, hutuliza viungo vilivyovimba, huzuia mwili usijishambulie wenyewe. Lakini ni nakala ya homoni ambayo mwili huitoa wakati wa shida, na kazi mojawapo ya homoni hiyo ni kuhakikisha sukari ipo tele: huliamuru ini litengeneze zaidi na kuifanya misuli iigomee insulini.

Tuseme kuna mama wa miaka 58, muuza samaki wa kukaanga, ambaye viungo vimemkamata, goti la kulia hasa. Si mtu mmoja anayejulikana. Wa namna yake wamo katika kila kliniki. Amepewa prednisoloni, anaimeza saa mbili asubuhi pamoja na chai, na goti limeanza kumtii. Siku ya kliniki anafika alfajiri, hajatia kitu kinywani, kama alivyoagizwa. Nesi anamtoboa kidole, tone la damu linanyonywa na stripu, mashine inahesabu sekunde zake na kutoa jibu: 5.8.

“Sukari yako haina neno, mama.”

“Haina neno, mwanangu? Mbona usiku nakwenda msalani mara nne, na jagi la maji nalala nalo?”

Wote wawili wanasema kweli. Prednisoloni ya saa mbili asubuhi hupata nguvu kuanzia mchana hadi jioni, na hasa baada ya chakula cha mchana, wali au ugali ukishashuka. Saa hizo sukari inaweza kuruka hadi 13 au 15. Usiku unapokwenda, dawa hupungua makali, na kufikia alfajiri sukari imerudi chini kama vile hakuna lililotokea. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula, ambacho ndicho watu wamezoeshwa kukiamini, kinamkuta mwizi amekwisha toka. Ndiyo maana wataalamu hushauri anayetumia steroidi ya asubuhi apimwe baada ya chakula cha mchana au kabla ya chakula cha jioni. Ni badiliko la saa tu, halina gharama hata ya shilingi moja, na bado ni mara chache mgonjwa huambiwa.

Sindano ya steroidi inayochomwa gotini nayo hupandisha sukari kwa siku kadhaa, ingawa mgonjwa huamini imebaki gotini. Deksamethasoni anayochomwa mjamzito aliye hatarini kujifungua kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae, humpandishia mama sukari kwa siku chache. Kama ana kisukari cha mimba, wodi inapaswa kulijua hilo mapema. Wakati wa UVIKO-19 dunia ililiona jambo hili kwa ukubwa wake. Juni 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ya chini kabisa, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Mwaka uliofuata India ikakumbwa na wimbi la “kuvu nyeusi”, maambukizi yanayokula pua, macho na ubongo. Kufikia mwisho wa Juni 2021 serikali ya huko ilikuwa imehesabu zaidi ya wagonjwa 40,000. Wengi wao walikuwa na kisukari, na wengi walikuwa wametumia steroidi, baadhi kwa dozi kubwa kupita kiasi au bila kuzihitaji. Sukari iliyopanda na kinga iliyoshushwa vilikuwa shamba lenye rutuba kwa kuvu ile.

Kuna steroidi nyingine ambazo haziandikwi kwenye cheti chochote. Deksamethasoni huuzwa kimyakimya, mara nyingi pamoja na saiproheptadini, kwa wanaotaka kunenepa na kujaza makalio. Mitaa ya Kinshasa inaijua biashara hiyo, na si Kinshasa peke yake. Na krimu nyingi za kujichubua, mkorogo kwa jina la mtaani, huwa na klobetasoli, mojawapo ya steroidi kali kuliko zote za kupaka. Ikipakwa mwili mzima, kila siku, kwa miezi, haibaki kwenye ngozi. Hupenya. Uso huviringa, tumbo hutoka, presha hupanda na sukari nayo. Kosa jingine ni kuitupa ghafla siku mtu anapoogopa: mwili ulioletewa homoni hiyo kutoka nje kwa muda mrefu huwa umeacha kuitengeneza wenyewe, na kuikatiza kwa mara moja kunaweza kumwangusha mtu vibaya kuliko sukari yenyewe. Steroidi za muda mrefu hupunguzwa taratibu, chini ya macho ya daktari.

Upande wa kushusha, dawa inayostahili kukumbukwa Afrika Mashariki ni kwinini.

Kwa vizazi kadhaa, dripu ya kwinini ndiyo iliyokuwa tegemeo la mgonjwa wa malaria kali. Wazee wanakumbuka masikio yalivyovuma. Kilichokuwa hakisikiki ni kwinini kuchochea kongosho itoe insulini. Malaria kali yenyewe tayari hula sukari: vimelea huitumia, ini huchoka kutengeneza nyingine, na mtoto hajala tangu jana. Ukimwongezea insulini juu yake, sukari inaweza kushuka chini ya 2.2, na hapo ubongo huzima kama taa ya chemli iliyoishiwa mafuta. Wajawazito ndio walioathirika zaidi. Ubaya ni kwamba sura ya tatizo hili haitofautiani na ya ugonjwa wenyewe. Mtoto amezimia, anashikwa na degedege: ni malaria imepanda kichwani, au ni sukari imeisha? Kwa macho hakuna anayeweza kujua. Tone la damu ndilo linalojua, na dripu ya dekstrozi ndiyo inayoweza kumwamsha mtoto aliyedhaniwa hana tena matumaini. Pale ambapo mshipa haujapatikana, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kijiko cha chai cha sukari kilicholoweshwa maji kiwekwe chini ya ulimi wakati mshipa ukiendelea kutafutwa.

Utafiti mkubwa uliobadilisha mambo ulifanyika humu humu kwetu. Watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa katika vituo 11 vya nchi tisa za Afrika, zikiwemo hospitali za Korogwe na Muheza nchini Tanzania, Kilifi nchini Kenya na Mbarara nchini Uganda, pamoja na vituo vya Rwanda na Kongo. Nusu walipewa kwinini, nusu artesuneti ya sindano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliofariki kwa upande wa kwinini walikuwa asilimia 10.9, kwa artesuneti asilimia 8.5. Walioshukiwa na sukari baada ya kulazwa walikuwa asilimia 2.8 dhidi ya 1.8. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiweka artesuneti mbele kwa watoto, kama lilivyokuwa limekwisha fanya kwa watu wazima. Kwinini haijafutwa duniani; bado iko kabatini kwa siku artesuneti itakapokosekana, na siku hiyo mashine ya kupima sukari inapaswa kukaa kando ya kitanda.

Kisha kuna habari ya Kampala. Kuanzia 2018 Uganda, kama majirani zake, ilianza kuwahamishia watu wanaoishi na VVU kwenye mseto wenye dolutegraviri, dawa yenye nguvu na rahisi kumeza, kidonge kimoja kwa siku. Haikupita muda mrefu, kliniki kubwa ya jiji hilo ikaanza kuwapokea wagonjwa ambao hawakuwahi kuwa na kisukari, wamekonda, wana kiu isiyokatika, sukari iko juu mno. Madaktari wakarudi kwenye majalada wakahesabu. Kati ya watu 3,417 walioanzishiwa dolutegraviri, 16 walikuwa wamepata sukari ya kupanda. Kati ya 3,230 waliokuwa kwenye dawa za jamii nyingine, ni mmoja tu. Takwimu hizo zilichapishwa mwaka 2020.

Namba hizo zinataka kusomwa kwa utulivu. Kumi na sita kati ya elfu tatu na ushei si hata mtu mmoja kwa kila mia mbili, na dawa hiyo imewaweka hai mamilioni. Hakuna aliyeshauri itupwe. Kilichobadilika ni tahadhari: mwenye umri mkubwa, unene au presha apimwe sukari kabla ya kuanza na baada ya kuanza, na akilalamika kiu asiambiwe ni joto la Machi. Aidha, dolutegraviri huizuia metformini isitoke mwilini kwa njia yake ya kawaida ya figo, hivyo metformini hujikusanya. Anayetumia zote mbili kwa kawaida havuki miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Hili linamhusu mtu anayechukua dawa za VVU dirisha moja na za kisukari dirisha jingine, kwa wahudumu wawili ambao hawajawahi kuonana.

Wapo wengine wa kutajwa kwa haraka. Septrin ni wa ukoo wa salfa, yaani shangazi yake ni ile dawa ya Montpellier, na kwa mgonjwa wa figo anayepewa dozi kubwa inaweza kushusha sukari vilevile. Antibiotiki za jamii ya siprofloksasini zinaweza kuivuruga pande zote mbili, juu na chini. Binamu yao gatifloksasini alivuruga kupita kiasi hadi mtengenezaji akaacha kumuuza mwaka 2006, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali zaidi kuhusu sukari kushuka liandikwe kwa jamii yote. Olanzapini na klozapini, zinazowatuliza wenye maradhi makali ya akili, huongeza hamu ya kula, unene na sukari. Statini za kupunguza mafuta kwenye damu husogeza sukari juu kidogo tu, na faida yake kwa moyo inazidi hasara hiyo kwa mbali. Anayeziacha kwa kuogopa kisukari amebadilisha hatari ndogo kwa kubwa.

Dawa za presha zinahitaji maneno machache ya ziada, kwa kuwa presha na kisukari hupenda kuishi nyumba moja. Vidonge vya kukojoza vya jamii ya haidroklorothiazaidi hutoa maji pamoja na potasiamu, na kongosho yenye upungufu wa potasiamu hutoa insulini kwa kusuasua. Atenololi na propranololi zina ujanja mwingine. Sukari inaposhuka, mwili hupiga kengele: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anajua atafute soda au asali. Dawa hizi huizima kengele hiyo. Moyo umetulia, mikono imetulia, na mtu anaelekea kuzimia akidhani amechoka. Alama moja haizimwi nazo, jasho. Mgonjwa wa kisukari anayetumia propranololi akiloa jasho la baridi chini ya feni, apimwe kwanza, maswali baadaye.

Na kuna dawa ambazo mwenye kuzimeza hajui kwamba anazimeza. Ndani ya miezi mitano ya kwanza ya 2008, hospitali za Singapore zilipokea watu 150 wasio na kisukari ambao sukari ilikuwa imewashuka vibaya. Wote walikuwa wanaume, isipokuwa mmoja. Saba walibaki katika kuzimia kwa muda mrefu, wanne kati yao wakafariki. Katika damu ya 127 ilikutwa glibenklamidi. Ilitoka wapi? Baadhi walikiri kutumia vidonge vya nguvu za kiume vya vichochoroni na dawa zilizoitwa za miti shamba, na ndani yake kulikuwa na glibenklamidi kwa wingi. Aliyepewa sukari akazinduka, sukari iliweza kumshuka tena saa chache baadaye, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu. Ndiyo maana aliyeangushwa nayo hulazwa, haruhusiwi kurudi nyumbani kwa kuwa amefumbua macho. Hakuna sababu ya kudhani kwamba unga unaouzwa stendi na mnadani, wenye kutibu magonjwa arobaini kwa kijiko kimoja, umesalimika na mchanganyiko wa namna hiyo.

Yule mama wa samaki, nesi alimwomba arudi siku hiyo hiyo saa kumi jioni, baada ya kula kama anavyokula siku zote, na aje na kila anachotumia. Akarudi. Mashine ikasoma 14.2. Daktari hakumnyang'anya prednisoloni. Alimpangia ratiba ya kuipunguza kidogo kidogo, akamwongezea dawa ya sukari ya asubuhi kwa kipindi hicho, na akamwambia saa ya kupima ni hiyo hiyo ya kumi, alfajiri asijisumbue.

Kisha mama akafungua kanga aliyofungia vitu vyake, akavipanga mezani kimoja kimoja. Vidonge vya goti. Vidonge vya presha, pakiti mbili za rangi tofauti. Chupa ya plastiki isiyo na lebo, dawa ya mifupa aliyoletewa na shemeji yake. Kopo dogo la krimu lilibaki kwenye pindo la kanga, nesi akalichukua mwenyewe, akalifungua, akalinusa.

“Na hii ya usoni, mama, umeanza kupaka lini?”